Karatasi ya Saba

Mokami hakuwa mtu wa kutulia. Miaka kumi na mmoja aliyokuwa karani wa wakala mmoja wa forodha pale Sirari, kiti chake kilikuwa cha kuwekea mkoba tu. Mwenyewe alikuwa mbioni, dirisha hili na lile, bahasha kwapani, akiuliza lori fulani limefikia wapi na nani bado hajagonga muhuri. Siku ambayo hakuna lori lililokwama ndiyo aliyorudi nyumbani amechoka kuliko zote.

Kwa hiyo mama yake, Robi, alipopooza upande wa kulia, watu hawakujiuliza kama Mokami atamuuguza. Walijiuliza atawezaje kukaa. Alimfuata mama yake Gorong'a kwa gari la kukodi, akamleta Sirari, akamlaza chumba cha mbele chenye dirisha, akaaga kazini. Nesi alikuwa amemwelekeza: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mkono unyooshwe, vidole vifunguliwe kimoja kimoja. Mokami akaweka kengele kwenye simu. Kati ya kengele na kengele alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akapanga vyombo upya, akatoka hadi getini kuangalia malori yaliyopanga foleni kuelekea Isebania, upande wa Kenya, akarudi ndani.

“Kaa chini,” mama yake alimwambia kwa Kikurya, ulimi mzito.

“Nimekaa, mama.”

“Umesimama.”

Kilichomwokoa ni wale watu waliozoea kumsumbua ofisini. Walikuwa bado wanampigia. Mmoja alitaka kutuma vyeti vya mwanawe vya kuombea chuo, mwingine mkataba wa shamba, mwalimu mmoja wa Nyansurura alikuwa ametuma barua ya uhamisho mara tatu na mara tatu imerudishwa kwamba haisomeki. Wote walikuwa wamepiga picha kwa simu, kivuli cha kichwa kikiwa katikati ya karatasi na kidole gumba pembeni. Steshenari za mjini zilikuwepo, lakini foleni ilikuwa ndefu, na makaratasi ya mtu yalibaki wazi kwenye kompyuta kwa yeyote atakayefuata kuyasoma. Mokami akawaza: kama ningekuwa na mashine ya kuskani na kuchapa hapa mezani, ningefanya haya yote huku namsikia mama anavyopumua.

Wazo likimwingia Mokami haliwezi kungoja wiki. Kesho yake alimwomba jirani yake Lilian akae na mgonjwa, akapanda gari kwenda Tarime mjini akiwa na bahasha ya karatasi chakavu: kadi ya kliniki ya mama yake iliyolowa mvua ikakauka, cheti chake cha kuzaliwa kilichounganishwa kwa gundi ya karatasi, na risiti moja nyembamba.

Muuza duka aliitwa Lusekelo, kijana mpole wa Mbeya. Alimwonyesha mashine moja kubwa nyeusi yenye trei juu.

“Hii, dada, unaweka karatasi ishirini hapa juu inazivuta yenyewe. Wewe unakunywa chai, yenyewe inaskani.”

Mokami akatoa ile kadi ya kliniki. “Niwekee hii.”

Lusekelo akaitazama. “Hiyo itakwama.”

“Na hii yenye gundi?”

“Hiyo itachanika, dada, nisikudanganye.”

“Basi hiyo ni ya watu wenye karatasi nzima. Watu wangu karatasi zao zinalala kwenye mfuko wa suruali. Nataka yenye kioo, nifunue, nilaze, nifunike.”

Walizipitia zote za kioo. Aliuliza kila kitu: wino ni wa kujaza kwa chupa au wa katriji, chupa zake zinapatikana hapa hapa Tarime au hadi Mwanza, inaunganishwa kwa waya au lazima intaneti, na ikikaa wiki bila kutumika wino unakauka? Aliiwasha, akaizima, akafunua kifuniko na kukifunika mara kadhaa kuona kama bawaba imelegea. Mwishowe akachagua ya wastani, rangi ya kijivu, wino wa chupa nne, kioo cha ukubwa wa karatasi ya kawaida. Akaipakata mapajani njia nzima hadi Sirari.

Siku tatu za kwanza ilimtoa jasho. Simu ilikataa kuiona mashine, mashine ikakataa kuiona intaneti, taa ndogo ya buluu ikawa inamkonyeza tu. Siku ya nne akaachana na habari za kuunganisha bila waya, akachomeka waya kwenye laptopu yake ya zamani, na mambo yakaenda. Akaskani kadi ya kliniki, akajitumia mwenyewe kwa imeili, ikagoma: faili kubwa mno. Alikuwa ameweka ubora wa juu kabisa, wa kuchapia picha. Akashusha hadi nukta mia sita kwa inchi, kisha mia tatu, kisha mia mbili. Kwa mia mbili herufi zilibaki safi na faili likapita. Akajifunza kuziunganisha kurasa ziwe faili moja, na kulipa faili jina la mwenyewe badala ya yale manamba ambayo mashine inajitungia. Mwalimu wa Nyansurura akawa wa kwanza. Barua yake haikurudi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, saa tano asubuhi, alipokuja Kisyeri.

Alikuwa mama wa miaka kama hamsini na mitano, kanga mbili, viatu vya vumbi, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono yote miwili. Mokami alimwamkia kabla hajafika mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiwe Mokami wa Robi? Nimeelekezwa kwako. Mimi ni Kisyeri, wa kwa Ryoba, Gorong'a.” Akaibana bahasha kifuani. “Niko na mdogo wangu pale mpakani. Yuko kwenye sanduku.”

Mokami akamvuta ndani, akampa kiti. Habari akaipata kwa vipande. Mdogo wake, Heche, alikuwa fundi ujenzi Nairobi kwa miaka tisa. Alianguka kutoka ghorofani Jumatatu. Kisyeri alikwenda kumchukua peke yake, na sasa gari lililobeba jeneza lilikuwa limesimama upande wa Isebania tangu alfajiri. Kabla mwili haujavuka ilitakiwa karatasi sita zitumwe kwa imeili ofisi ya juu, kwa mtu anayesaini kibali cha kuuingiza nchini. Alikuwa amezipiga picha kwa simu ya dereva, zikatumwa, zikarudishwa. Gorong'a kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na wazee wa ukoo walikuwa wamesema halitalala wazi.

“Pole sana, mama. Poleni,” Mokami akasema, na mkono wake tayari ulikuwa umekwenda kwenye swichi ya mashine.

Kabla ya lolote alimpigia Projestus, afisa afya wa mpakani, mtu wa Bukoba aliyefahamiana naye tangu siku za ofisini.

“Mimi sina kipingamizi,” Projestus akasema. “Kazi yangu ni kukagua mwili na makaratasi. Ila kibali anasaini mkubwa wangu, na leo Ijumaa, saa tisa na nusu anafunga ofisi. Tuma faili moja, Mokami, siyo vipande vipande. Na muhuri uonekane.”

Mokami akamwaga bahasha mezani. Cheti cha kifo. Barua ya polisi. Cheti cha mwili kutiwa dawa. Kibali cha kusafirisha mwili kilichotolewa Kenya. Barua ya serikali ya kijiji. Pasipoti. Zote isipokuwa pasipoti zilikuwa zimekunjwa mara nne zikakaa kifuani mwa Kisyeri safari nzima, na mkunjo wa cheti cha dawa ulipita katikati ya muhuri. Akazinyoosha kwa kiganja, akazilaza chini ya kamusi nzito ya shule, akakaa juu ya kamusi.

Akaanza kuskani. Taa ilipita chini ya kioo polepole, ikarudi. Cheti cha kifo kilitoka kimepinda, akarudia. Barua ya polisi ilikuwa imeandikwa pande mbili, na ule upande wa nyuma hakuna aliyeupiga picha mara ya kwanza, akauskani pia. Cheti cha dawa akakifunika kwa kitabu juu ya kifuniko, akabonyeza kwa mikono yote miwili hadi taa ilipomaliza, na muhuri ukatoka mzima, hata tarehe ndani yake. Akashusha pumzi.

Simu ikalia. Namba ya Kenya.

“Sister, hiyo kazi imefika wapi? Hapa jua ni kali, na mimi nimebeba mtu.”

“Nipe nusu saa, kaka.”

“Nusu saa ya Tanzania ama ya Kenya?”

Mokami akakata simu. Alikuwa anakuza kurasa kwenye kioo cha laptopu kama alivyozoea kufanya ofisini, akilinganisha majina, tarehe, namba. Heche Ryoba, sawa. Tarehe, sawa. Namba ya pasipoti ndani ya pasipoti yenyewe iliishia na hamsini na tatu. Kwenye kibali cha kusafirisha mwili iliishia na thelathini na tano.

Akasogeza uso karibu. Akachukua karatasi yenyewe akaitazama dirishani. Thelathini na tano. Aliyeichapa huko ilikotoka alikuwa amegeuza tarakimu mbili.

“Mama Kisyeri, njoo uone hapa.”

Kisyeri akaja, akatazama, akaelewa polepole. “Wale wa kwanza walisema hazisomeki,” akasema. “Sasa wewe unaniambia zinasomeka mno.”

“Watasema pasipoti si yake.”

“Ni yake! Nimemwosha mwenyewe, nisimjue?” Akashika ukingo wa meza. “Mwanangu, si ufanye ile ya kibali isionekane vizuri? Hapo tu, kwenye namba. Mungu anaona hatuibi kitu.”

Mokami alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alijua namna ya kufanya. Rangi iondolewe, ubora ushuke hadi sabini na tano, na tatu na tano zitafanana. Saa ya laptopu ilionyesha saa saba kasoro dakika tano. Alifanya. Akaskani kibali upya hivyo, akafungua, na kweli namba zilikuwa madoa mawili ya kijivu ambayo mtu angeweza kuyasoma apendavyo. Akaliweka faili tayari kwenye imeili. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

Kilichomjia si hofu ya sheria. Akilini alimwona Projestus amesimama kando ya gari, pasipoti mkono mmoja na kibali mkono mwingine, karatasi zenyewe, siyo picha zake. Angeiona tofauti hapo hapo. Na saa hiyo ingekuwa saa kumi na moja, ofisi imefungwa, jeneza likirudishwa Isebania hadi Jumatatu. Akafuta lile faili.

Kengele ya simu ikalia wakati huo huo. Ni wakati wa kumgeuza mama.

“Ngoja,” Mokami akasema, akainuka, akakaa tena, maana simu yake ya pili ilikuwa sikioni inamwita Projestus.

Kisyeri alikuwa amekwisha kusimama. “Mgonjwa yuko wapi?” akauliza, na bila kungoja jibu akaingia chumba cha mbele. Mokami akamsikia akiamkia, akasikia sauti ya mama yake ikiuliza huyu ni nani, na Kisyeri akijitaja kwa jina la baba yake. Halafu kitanda kikalia. Alikuwa anamgeuza kwa mikono ya mtu aliyewahi kuuguza.

“Projestus, kuna kosa kwenye kibali cha kule,” Mokami akasema kwenye simu. “Namba ya pasipoti imegeuzwa mwishoni. Nakwambia mimi kabla hujaiona.”

Projestus akacheka kidogo, bila furaha. “Umenipunguzia ugomvi. Sikiliza. Ndugu wa marehemu aandike barua ya maelezo, ataje kosa lilivyo, asaini, aweke na nakala ya kitambulisho chake. Iwe karatasi ya saba kwenye faili hilo hilo. Nitampigia mkubwa nimweleze asishtuke. Lakini fanya haraka, wangu.”

Mokami akaandika barua akiwa amesimama. *Mimi Kisyeri Ryoba, dada wa marehemu.* Akaandika kosa lilivyo kwa mistari sita, bila maneno ya kuombea huruma. Akachapa. Mashine ikavuta karatasi mbili kwa pamoja, ikakwama, ikawasha taa nyekundu. Mokami akafungua mgongo wake, akazivuta taratibu zisichanike, akapepeta karatasi zilizobaki, akachapa tena. Barua ikatoka na wino mbichi.

Kisyeri aliisoma yote, midomo ikicheza, hadi mwisho. Kwenye neno “marehemu” alisimama kidogo. Kisha akasaini, herufi kubwa kubwa za mtu asiyesaini mara nyingi. Mokami akaskani barua, kitambulisho, na pasipoti kwa mara ya pili ili namba itoke safi zaidi. Akaunganisha vyote. Faili likawa zito kupita kiwango, akalipunguza, akalikuza na kulikagua ukurasa kwa ukurasa, akatuma saa nane na dakika kumi.

Ukaja ule muda asioujua kuukaa. Alisimama mlangoni. Alichemsha maji, akasahau kuweka majani. Alifungua kisanduku cha imeili, akakifunga, akakifungua. Dereva akapiga tena, Kisyeri akapokea na kumwambia kwa upole avumilie. Saa nane na nusu. Saa nane na dakika hamsini. Chumba cha mbele Robi alikuwa anazungumza peke yake, au anaomba, haikujulikana.

“Kama hawakujibu?” Kisyeri akauliza.

“Watajibu.”

“Unajua?”

“Sijui, mama.”

Saa tisa na dakika kumi na mbili laptopu ikalia. Kulikuwa na mistari miwili ya maneno na kiambatisho kimoja. Mokami hakukisoma chote, alitafuta neno “kimeidhinishwa”, akaliona, akabonyeza kuchapa. Kibali kikatoka na sahihi na muhuri, joto la mashine bado likiwa kwenye karatasi. Kisyeri alikipokea kwa mikono yote miwili. Hakulia wala hakushukuru. Alizikusanya karatasi mezani, akazirudisha kwenye bahasha, akaingia chumba cha mbele kumuaga Robi, kisha akatoka getini kwa hatua za haraka ambazo kwa mwili wake zilikuwa kama kukimbia. Kabla ya saa kumi Projestus alituma ujumbe: gari limevuka.

Usiku ule Mokami alilala vibaya hata hivyo. Kitu kilimkereketa, hakujua ni nini.

Jumamosi asubuhi akaja baba mmoja na cheti cha ubatizo. Mokami akafunua kifuniko cha mashine. Juu ya kioo, imelala kifudifudi, ilikuwa pasipoti ya Heche.

Alijishika kichwa. Alimwambia yule baba arudi Jumatatu, akamwita Lilian akae na mama, akachukua pikipiki hadi Gorong'a bila hata kubadili kanga. Njia nzima alikuwa anatunga namna ya kuomba radhi.

Msiba ulikuwa bado umekaa. Kaburi lilikuwa bichi nyuma ya nyumba, wanawake wameketi kwenye mikeka, Kisyeri katikati yao. Alipomwona Mokami alishtuka, akidhani ni habari nyingine mbaya kutoka mpakani.

“Nimeisahau kwenye mashine,” Mokami akasema, akimpa. “Nisamehe, mama. Kazi yangu ni kutokusahau.”

“Sikujua hata kama haipo,” Kisyeri akajibu. “Yule afisa alishajua habari ya namba, akakagua sanduku na kibali tu, akatupitisha.” Akaifungua, akatazama, kisha akamgeukia kikongwe aliyekuwa ameegemea ukuta kando yake. Alikuwa mama yao. “Mama, tazama.”

Yule bibi aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Heche hakuwa amerudi nyumbani kwa miaka tisa, na jeneza lilizikwa bila kufunguliwa. Simu yake ilipotea siku ile ya ajali, na ndani ya nyumba picha yake ya mwisho ilikuwa ya kidato cha pili.

“Amefuga ndevu,” bibi akasema. Akakipitisha kidole juu ya picha ndogo, kwenye shavu. “Na mbona amekonda?”

Mokami akachuchumaa mbele yake.

“Shikamoo, bibi. Hiyo picha naweza kuitoa kubwa. Naiskani, naichapa kwenye karatasi ya picha, mnaitia fremu ukutani. Itatoka vizuri, nina hakika. Nipe niende nayo leo, kesho kutwa nakuletea.”

Bibi aliifunga ile pasipoti, akaiweka kifuani chini ya kanga.

“Utaichukua kesho,” akasema. “Leo atalala hapa.”

Mokami akakubali. Alikaa nao hadi chakula kilipopakuliwa, akala kidogo, akaaga. Juu ya pikipiki, vumbi likimwingia machoni, alikuwa tayari anampigia Lusekelo wa Tarime kuuliza kama ana karatasi ya picha, ile nzito, na kama duka linafunguliwa Jumapili.